Laptopu ya Shule na Magemu Mazito: Tusidanganyane

Testi zimeanza kumiminika, lakini ukipita korido za hosteli usiku husikii mtu akijadili testi. Mjadala ni mmoja tu: laptopu ya kawaida, hii hii ya kuandikia asaimenti na kuangalizia muvi, inaweza kubeba magemu mazito au haiwezi? Kila chumba kina mtaalamu wake. Huyu anasema ongeza RAM, mambo safi. Yule anasema nunua feni ya kuweka chini yake, utacheza chochote. Wa tatu anasema laptopu zenu vimeo, subirini bumu litoke mkanunue mashine ya kazi.

Msimamo wangu naweka mezani mapema ili asiyependa kusoma gazeti refu aondoke nao. Inaweza, kama gemu ni ya rika lake. Haiwezi, kama gemu ni ya leo. Na mwanafunzi mwenye laptopu moja tu hana sababu ya kuilazimisha, wala ya kununua nyingine kwa hela ya kula. Mwenye nafasi akae, nieleze.

Kwanza tujue tunaongelea laptopu gani. Nyingi zinazozunguka hapa kampasi hazikununuliwa mpya. Zilitumika maofisini huko Ulaya na Marekani, ofisi zikabadilisha, zikauzwa kwa mafungu, zikaja kwa meli hadi zikaishia Kariakoo. Mfano mzuri ni HP EliteBook 840 G3, pamoja na wenzake akina Dell Latitude na Lenovo ThinkPad wa umri ule wa 2016 hivi. Sitaki mtu azidharau. Bodi imara, kibodi safi, ukidondosha kwa bahati mbaya mara nyingi inaamka na kuendelea na kazi. Kwa Word, Excel, SPSS na kusoma madesa ya PDF, huna cha kulalamika.

Lakini fungua ndani uone. Unakuta prosesa ya Core i5-6200U, yenye viini viwili. Hiyo herufi U watu wanaipita tu, kumbe ndiyo yenye habari yote. Maana yake ni prosesa iliyotengenezwa kubana umeme ili betri idumu na mashine iwe nyembamba. Imepangiwa wati 15. Na hizo wati 15 si za prosesa peke yake, ni pamoja na sehemu ya kuchora picha, ile Intel HD Graphics 520 iliyofungwa humo humo. Wanakula sahani moja. Sasa chukua GTX 1060, kadi ya picha ya kompyuta ya mezani iliyotoka mwaka huo huo wa 2016, ya daraja la kati tu. Yenyewe peke yake imepangiwa wati 120. Mara nane! Hapo hujahesabu prosesa iliyo pembeni yake. Halafu mtu anataka hawa wawili wakimbie mbio moja.

Kuna jambo la pili linalohusu kumbukumbu. Kadi ya picha ya kweli ina kumbukumbu yake binafsi, yenye kasi kubwa. Hiyo GTX 1060 ya GB 6 inasomana na kumbukumbu yake kwa GB 192 kila sekunde. HD 520 haina ya kwake, inaazima kutoka kwenye RAM ya laptopu. Kama una kipande kimoja cha RAM ya DDR4 ya 2133, bomba zima ni kama GB 17 kwa sekunde, na bomba hilo anatumia prosesa, anatumia kivinjari ulichosahau kukifunga, na sehemu ya picha nayo inasubiri foleni. Ndiyo maana gemu inaanza vizuri kwenye menyu, ukifika mtaani kwenye magari na watu inaanza kustaki.

Hapa ndipo wale wa "ongeza RAM" wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo tuwape. Ukiwa na kipande kimoja na ukaongeza cha pili kinachofanana nacho, vinafanya kazi sambamba na bomba linakuwa pana mara mbili, kama GB 34 kwa sekunde. Hapo utaona tofauti. Ila ni ule upana uliosaidia. Mtu mwenye vipande viwili tayari, jumla GB 16, akienda kununua GB 32 ili acheze gemu za leo, anamnufaisha muuza duka tu. Njaa ya HD 520 ni ya kasi, na GB za ziada hazimwongezei kasi.

Hapo hapo niwape tahadhari ya usanii mmoja. Mshikaji wangu aliuziwa laptopu akaambiwa ina "grafiki ya GB 4". Muuzaji akamfungulia na kipimo cha Windows kabisa, akamwonyesha namba. Namba ilikuwa ya kweli, maelezo yake ndiyo yalikuwa changa la macho. Windows huwa inaruhusu sehemu ya picha iazime mpaka kama nusu ya RAM. Laptopu ikiwa na GB 8, itaandika karibu GB 4. Ni hela ya mkopo, huwezi kuiita mshahara. Ukienda dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha GPU. Ukikuta neno Dedicated na GB kadhaa mbele yake, hiyo ni kadi yenye mali yake. Ukikuta Shared peke yake, au Dedicated ya MB 128, basi ni ya kuazima. Rudisha hela mfukoni mkaongee bei upya.

Sasa tuje kwenye magemu yenyewe, maana neno "zito" kila mtu analipima kwa mzani wake. GTA San Andreas ya kompyuta ilitoka 2005. Watengenezaji waliomba prosesa ya GHz 1, RAM ya MB 256 na kadi ya picha ya MB 64. Laptopu yako inaibeba huku inapiga miayo. Nasemea ile ya asili; ile iliyorudiwa 2021 ni habari nyingine, inataka GB 8 za RAM na nafasi ya GB 45. GTA V ilikuja kwenye kompyuta 2015, na toleo lile lilikubali kadi ya chini kabisa ya NVIDIA 9800 GT, kadi ya 2008. Ndiyo maana jamaa wa chumba cha mwisho anajigamba kwamba anaicheza. Ni kweli anaicheza! Ameshusha picha mpaka 1280 kwa 720, kila setingi iko chini kabisa, vivuli vimezimwa, miti kama imechorwa na mtoto wa chekechea. Lakini inatembea, nampa heshima yake.

Kuanzia hapo mlima unakuwa mkali. Red Dead Redemption 2 ilifika kwenye kompyuta 2019 ikitaka angalau GTX 770 ya GB 2 na nafasi ya GB 150. Diski ya laptopu nyingi hapa ni GB 256, ambayo Windows inaionyesha kama GB 238. Toa za Windows yenyewe, toa Office, toa muvi zako. Ukiweka hiyo gemu, ripoti yako ya fildi utaihifadhi wapi, kwenye simu? Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020, na mwaka 2023 wenyewe wakapandisha masharti ya chini: GTX 1060 ya GB 6, RAM GB 12, na diski lazima iwe SSD. Yaani ile kadi tuliyosema inakula wati 120 ndiyo imegeuka kuwa kiingilio cha mlangoni. Ukilazimisha hiyo kwenye HD 520 utatazama picha moja moja kama albamu ya harusi.

Fikirieni hesabu hii ndogo. Ili gemu ionekane laini kwa fremu 60 kwa sekunde, mashine ina milisekunde 16 na ushee kumaliza kila picha. Kwa fremu 30 ina milisekunde 33. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Ukishusha 1280 kwa 720 zinabaki kama laki 9 na elfu 21, chini ya nusu. Kwa hiyo mtu anayekubali 720 na fremu 30 ameipunguzia laptopu yake kazi kama mara nne na nusu. Huu si ushamba. Ni kujua uzito wa mzigo na mgongo wa punda.

Haya, joto. Hili ndilo lililonifanya niandike, maana mengine yote tungeweza kuyacheka tukalala. Prosesa za aina hii zimewekewa ukomo wa nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ndiyo maana gemu inacheza vizuri dakika kumi za mwanzo halafu inakuwa nzito. Watu wanasema "virusi". Hakuna cha virusi, ni joto! Feni ya laptopu haitengenezi baridi, inavuta hewa ya chumbani na kuitoa nje. Hewa yenyewe ni ya Dar mwezi wa pili, chumba cha watu wanne ambao kwa kubebana wamekuwa sita, dirisha moja, na laptopu imewekwa juu ya godoro ambalo limeziba matundu yote ya chini. Itapumulia wapi?

Mwaka jana kuna jirani yetu, mwaka wa tatu, alikuwa katikati ya ripoti ya utafiti. Mchana anaingiza data za dodoso, usiku anashindana na wenzake mpaka saa nane, mashine iko kitandani. Feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Akawa anazidisha sauti ya gemu ili asiisikie. Siku moja ikazima katikati ya mechi, na ilipowashwa ikabaki skrini nyeusi. Fundi alipofungua alikuta vumbi limeganda kwenye feni kama blanketi, akasema bodi imekwenda, na bei aliyotaja ilizidi nusu ya bei ya laptopu. Siwezi kusema gemu peke yake ndiyo iliyoua, mashine ilikuwa na umri wake na vumbi lake. Lakini saa tano za moto kila usiku hazikuwa dawa. Bahati yake madodoso ya karatasi alikuwa hajayatupa. Aliyaingiza upya yote, kwa laptopu za kuazima, saa mbili kwa huyu, saa moja kwa yule, wenye mali wakiwa wamelala. Alikonda. Rafiki zake wakawasilisha, yeye bado yuko safu ya arobaini.

Ndiyo maana nasema laptopu ya mwanafunzi haipimwi kama ya mtu wa kawaida. Mwenye kompyuta mbili ikifa moja amekosa burudani. Wewe ikifa hiyo moja, umekosa madesa, umekosa ripoti, umekosa CV, umekosa na njia ya kuombea fildi. Kitu kimoja kimebeba maisha yako yote ya kampasi halafu unakichemsha kila usiku kwa ajili ya mechi ambayo hata kesho hutaikumbuka?

Najua wenye hoja tofauti wameshakaa mkao wa kula. Wa kwanza ni wale wa "nunua laptopu ya gemu". Sina ugomvi na mashine hizo, ni kali kweli. Lakini bumu ni mkopo, ndugu zangu, siku moja utalilipa. Na lilitolewa ule, ulale, ununue vitabu. Mtu anakusanya ya muhula mzima ananunua mashine, halafu miezi mitatu anaishi kwa chapati mbili na maji. Akiipata, inakuwa nzito begani, chaja kama tofali, na ikitoka kwenye umeme haiwezi gemu kwa nguvu ile ile, maana betri haiwezi kutoa wati zote inazohitaji. Umeme ukikatika anarudi kuwa kama sisi wa HD 520, teh teh.

Nawatenga hapa wenzetu wa usanifu majengo, uhandisi na wale wanaochora katuni za 3D. Kwao kadi ya picha ni jembe. Anayetengeneza michoro kwa Blender na kulipwa, huyo anunue, na gemu ikiwa ni starehe ya ziada, halali yake. Ila ewe ndugu yangu wa Sosholojia unayesema unanunua "kwa ajili ya masomo", hebu tuangaliane usoni.

Wa pili ni wale wa gemu za kwenye wingu, ambapo kompyuta kubwa ya mbali inacheza na wewe unaletewa picha tu. Wazo zuri sana, kweli kabisa linaondoa tatizo la kadi na joto. Lakini huduma kama GeForce Now inataka intaneti ya megabiti 25 kwa sekunde ili upate 1080 kwa fremu 60. Ikitumia kasi hiyo yote ni zaidi ya GB 11 kwa saa moja. Haya, toa simu yako, angalia bando lililobaki. Umenyamaza? Nami nimenyamaza. Na ile ya bure ya kampasi mnaijua wenyewe ikifika saa mbili usiku.

Wa tatu wananiambia: kwa hiyo sisi watoto wa wakulima tusicheze? Hapana, hapo ndipo mnanisoma vibaya. Chezeni! Ninachopinga ni ile dhana kwamba gemu isiyotoa moshi kwenye laptopu si gemu. Tetris ilibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov kwenye kompyuta ambayo haikuwa na uwezo hata wa kuchora picha, vitofali vilitengenezwa kwa alama za maandishi, na dunia nzima ikaicheza. Stardew Valley ya 2016 ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, na inataka nafasi ya MB 500 tu. Age of Empires II ya 1999, Half-Life 2 ya 2004, Need for Speed Most Wanted ya 2005, Portal ya 2007. Hizi zilikuwa nzito kwa wakati wake, watu walizinunulia kompyuta mpya. Leo laptopu yako ya ofisini inazicheza bila kutoka jasho. Kila gemu nzito ya leo inangoja siku yake ya kuwa nyepesi. Ukiwa na subira ya miaka kumi, unapata utamu ule ule kwa mashine ya bei chee, tena makosa yake mengi yamesharekebishwa.

Kwa atakayecheza usiku huu, nina machache ya kumwambia kama kaka. Kabla ya yote, nakala ya ripoti yako iwe sehemu mbili nje ya laptopu: flashi moja, na nyingine jitumie kwa barua pepe. Mashine iwe juu ya meza au hata juu ya ubao, godoro ni la kulalia. Chomeka chaja. Shusha picha mpaka 1280 kwa 720, na kama gemu ina sehemu ya kufunga fremu, funga 30, maana mashine ikiachiwa itajichosha kutafuta fremu ambazo macho yako hayazihitaji. Mara moja kwa mwaka mpelekee fundi atoe vumbi na abadilishe ile dawa ya joto juu ya prosesa, ni hela ndogo ukilinganisha na bodi. Na feni ikianza kulia kama inaomba msaada, jamani, inaomba msaada kweli. Zima.

Huo ndio mtazamo wangu. Wa "ongeza RAM" na wa "subiri bumu" waje na hoja, ila waje na namba, si kelele. Na kama una gemu ya zamani inayotembea vizuri kwenye HD 520 ambayo sijaitaja, niachie jina lake hapo chini. UE zikiisha tutakuwa na wiki mbili za uvivu halali.

Tuko pamoja. Testi njema.